Ng'ombe Thelathini na Mmoja Waliougua Jumatatu

Alhamisi, tarehe 11 Juni. Upepo mkavu tangu kabla ya jua kutoka, baridi ya kukaza magoti, vumbi limeingia mpaka ndani ya birika. Wingu hakuna hata moja. Jirani wanapura uwele. Nasikia fimbo zao tangu asubuhi.

Katika daftari hili huwa naandika mambo madogo: mvua imenyesha au haikunyesha, nani amefariki, mbuzi gani amezaa. Lakini juzi alikuja mwalimu kijana wa shule yetu, akaniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifundisha Kiingereza zamani, awasomee wenzake. Nikamwambia elimu yangu ni darasa la nane na miaka miwili ya chuo cha ualimu, sidhani kama nina la kuwafundisha watu wenye vyeti. Akasema niandike hivyo hivyo. Basi naandika. Mkikuta nimekosea, sahihisheni kwa kalamu nyekundu. Niliitumia kalamu hiyo kwa wengine miaka mingi, na mtaona humu ndani kwamba aliyestahili kuchorwa hakuwa siku zote mtoto.

Nitaandika juu ya neno moja tu, get. Mengine nimeyasahau. Hilo halinisahau.

Nilianza kazi katika shule moja ya msingi upande wa Kinyangiri, miaka michache baada ya Uhuru. Jina la shule siliandiki, maana waliosoma pale wengine bado wapo na hawakuniomba niwataje. Watoto walifika wanajua Kinyiramba, Kiswahili wanakijaribu, na Kiingereza ni mimi peke yangu niliyekuwa nacho, tena kidogo. Kamusi ilikuwa moja, imeliwa na mchwa kutoka herufi P kwenda mbele. Kwa bahati get ilikuwa salama.

Kamusi ilisema get ni kupata. Nikaandika ubaoni: get, kupata. Mwaka mzima nilifundisha hivyo. I get a letter, ninapata barua, sawa. I get tired, nikasema ninapata uchovu, ikapita. Tukafika get up, nikababaika kidogo, nikasema ni kupata kitu kilichoko juu, kama mtu anayetungua embe. Siku moja mtoto akauliza kama get lost ni kupata kitu kilichopotea. Nikamjibu ndiyo, tena nikamsifu. Mtoto yule sasa ana wajukuu, na akikutana nami sokoni bado ananiuliza kama nimepata kilichopotea. Simlaumu.

Jibu lile lilinikosesha raha. Likizo ilipofika nikaenda Kilimatinde kumtafuta Mwalimu Yona, aliyenifundisha mimi. Alikuwa amestaafu, mtu mfupi, mkali, anavaa tai hata akiwa anapalilia. Nilimkuta shambani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, nikamweleza shida yangu. Akaniambia nishike jembe la pili. Tulilima tuta zima ndipo akasema:

“Usiliulize neno maana yake. Litakudanganya. Uliza limekaa na nani.”

Nilimwomba anieleze zaidi. Akaniuliza kama nimechunga mbuzi. Nikasema nimechunga. Akaniuliza mbuzi asiye na alama utamjuaje ni wa nani. Nikasema jioni utaona anaingia zizi gani. Akasema basi, umeshajua, lima.

Niliporudi nikachora ubaoni mazizi manne. Hili nawapa ninyi vijana, mlitumie kama linafaa. Zizi la kwanza: baada ya get kimekaa kitu. Get water, get a letter. Hapo ni kupata, au kwenda kuleta. La pili: imekaa hali. Get tired, get cold, get old. Hapo hakuna anayepata kitu. Kuna anayegeuka, kutoka alivyokuwa kuwa vingine. Uji unapoa, mtu anazeeka. La tatu: pamekaa mahali. Get to school, get home. Hapo ni kufika. La nne: kamekaa kaneno kadogo, up, in, out, down. Hapo ni kujiondoa ulipo: kuamka, kuingia, kutoka, kushuka. Na get lost kumbe ni ya zizi la pili, mtu anageuka kuwa aliyepotea.

Kulikuwa na zizi la tano, la kutendwa, kama the thief got beaten, mwizi alipigwa. Mwalimu Yona alisema hilo nisilifungue kabla ya darasa la saba, maana mtoto akishajua kutendwa ataona kila mtu anamwonea.

Jambo lingine lililowasumbua ni wakati uliopita. Jana get inavaa nguo ya got. Lakini ukiuliza swali kwa did, did ndiye anayebeba jana, na get inavua nguo ile inarudi kama ilivyokuwa: did you get, siyo did you got. Niliwaambia mzigo wa jana haubebwi na punda wawili kama punda mmoja anatosha. Walielewa hilo la punda kuliko vitabu vyote.

Sasa nije kwenye kupura, maana fimbo za jirani ndizo zilizonikumbusha, na ndiko maumivu yaliko.

Baada ya Azimio la Arusha, shule zote ziliambiwa zijitegemee. Sisi tulikuwa na shamba la uwele na mtama, na mwezi kama huu darasa la saba walipura. Mnajua jinsi kunavyopurwa kwetu. Watu wanasimama mistari miwili wakitazamana, mstari huu unapiga, ule unainua, na lazima pawe na wimbo, vinginevyo fimbo zinagongana na mtu anaumizwa. Vipindi vya Kiingereza vilikuwa vinaliwa na shamba. Nikaona niache kulalamika. Nikatunga sentensi kumi na mbili za get, mstari mmoja useme nusu, wa pili umalize, na fimbo ianguke kwenye get. I get up at six o'clock. I get water from the well. The sun gets hot, we get tired. Na kadhalika, mpaka we get home.

Katikati niliweka habari ya ng'ombe, ili wapate na got. Wiki ile ng'ombe wangu mwenyewe, jike la madoa, alikuwa ameugua. Nikaandika: my father's cow got sick on Monday. Ng'ombe wa baba aliugua Jumatatu. Kisha baba akapata dawa, ng'ombe akapona, tukapata maziwa. Kwangu alikufa, lakini sikuona haja ya kuwaambia watoto hivyo wanapopura.

Ndugu zangu, ilikuwa raha. Watoto thelathini na mmoja, fimbo zinashuka pamoja, Kiingereza kinatoka mikononi. Wazazi walisimama njiani kusikiliza. Kwa mara ya kwanza nilijiona mwalimu. Naandika hilo ili mjue nililewa sifa.

Katika hao thelathini na mmoja alikuwamo Tabita, mtoto wa dada yangu. Dada alifariki Tabita akiwa mdogo, nikamlea. Nyumbani aliniita mjomba, shuleni mwalimu, na hakuchanganya hata siku moja. Wengine waliimba zile sentensi. Yeye alizifungua. Usiku, akichambua majani ya mlenda, alikuwa akiuliza kwa nini tunasema get old lakini hatusemi get young. Nikikosa jibu anasema basi tutauliza kesho, kana kwamba kuna mtu wa kumwuliza. Alitaka kwenda sekondari kuliko alivyotaka chakula. Alikuwa ameshashona mfuko wa vitabu kwa kitambaa cha gauni la mama yake.

Maneno hayakukosekana. Mzee Kiula, ambaye mwanawe alikuwa darasa hilo hilo, aliniambia mbele ya watu kisimani:

“Huyo wa kwako, mwalimu, unamkorogea Kiingereza kwenye uji. Wa kwetu wanakuta masufuria tu.”

Watu walicheka, nikacheka nao. Lakini yalinikaa.

Mtihani ulifika mwishoni mwa mwaka. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na sehemu ya kuandika habari fupi ya mambo ya nyumbani. Watoto walitoka wakirukaruka, wananiambia, mwalimu, wametuletea ya kupura. Nami nikafurahi pamoja nao. Mimi mjinga nilifurahi.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, afisa wa elimu alikuja na Landrova. Alikuwa mtu mpole, nitasema haki yake. Alikaa ofisini na Mwalimu Mkuu, nikaitwa. Akafungua karatasi mezani, moja baada ya nyingine, taratibu. Akaniuliza katika kijiji hiki kuna ugonjwa gani wa mifugo, maana ng'ombe thelathini na mmoja wameugua Jumatatu moja, wote wakapona, na wote wakatoa maziwa.

Nikaeleza habari ya kupura. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananiamini, lakini wasahihishaji wameona karatasi thelathini na moja zinazofanana neno kwa neno, na kwao hilo lina jina moja, wizi wa mtihani. Akasema hata kama si wizi, kasuku hapelekwi sekondari. Wakati ule nilimchukia. Leo naona hakukosea. Mtu akikariri nyimbo tamu hajasema neno lake bado.

Akataka kuwaona watoto. Wale wa jirani wakaitwa, wakafika kama ishirini hivi, wamelowa. Akawaambia kila mmoja amwambie sentensi moja ya get isiyo ya kwenye wimbo. Wa kwanza walianza I get up, wakaishia hapo. Mtoto wa Mzee Kiula alijaribu, akasema ng'ombe wa mjomba wake aliugua Jumanne. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Ikafika zamu ya Tabita, ambaye kwenye mtihani naye aliandika wimbo kama alivyofundishwa. Akatazama dirishani, mvua ilikuwa inapiga bati, na korongo la barabarani tayari lilikuwa linaunguruma. Akasema kwa Kiingereza, polepole:

“If the rain does not stop, sir, you will not get back to town today.”

Mvua isipokatika, bwana, leo hutafika mjini. Afisa alitazama dirishani naye, kisha akamtazama yeye. Akacheka mpaka akavua miwani. Akamwuliza mengine mawili matatu, akayajibu.

Watoto walipotoka, akaniambia matokeo ya darasa hayawezi kusimama. Lakini kwa mtoto kama yule anaweza kusema mkoani, kama mwalimu wa somo atamwandikia barua ya kumshuhudia. Jina moja, au mawili kama yapo. Barua imfikie kabla ya Jumatatu. Kisha akauliza binti yule ni wa nani. Mwalimu Mkuu akajibu kabla yangu: ni mpwa wa mwalimu, anakaa kwake. Afisa akakusanya karatasi zake. Akasema, “Basi ni juu yako, mwalimu,” akaondoka haraka awahi korongo.

Hapa ndipo napenda msome taratibu, kwa sababu hata mimi nikifika hapa sijiamini.

Siku zile tulikuwa tunahubiriwa usawa asubuhi na jioni, na mimi nilikuwa mmoja wa wahubiri. Niliwafundisha watoto kwamba undugu ni wa wote, kwamba anayempendelea wa nyumbani kwake ni mnyonyaji mdogo. Nilikuwa naamini. Bado naamini, kwa sehemu. Habari zilikuwa zimeshazagaa kwamba jina moja litaandikwa. Jumamosi wazazi walikuja shuleni. Hawakunitukana. Mzee Kiula alisema tu kwamba wao ni wakulima hawajui barua, wanasubiri waone kalamu ya mwalimu itaanguka kwenye kibanda cha nani. Kisha wakaenda zao.

Nilijua jina ni moja. Nilijaribu kutafuta la pili ili lisiwe lake peke yake. Nilipitia daftari zote, nikamwita mtoto wa Mzee Kiula na wengine wawili, nikawauliza upya kwa upole. Hawakuweza. Hilo si kosa lao. Ni mimi niliyewapa fimbo badala ya neno.

Jioni ya Jumamosi hiyo nikaandika. Niliandika kwa Kiingereza ili afisa aone kwamba hata mimi si kasuku. Niliandika kwamba wanafunzi wangu wote ni sawa, kosa ni la ufundishaji wangu, naomba wote wafikiriwe kwa pamoja. Mwisho nikaweka hivi: Please let none of them get what the others cannot get. Yaani, tafadhali, asipate hata mmoja kile ambacho wenzake hawawezi kupata. Nilisoma sentensi ile mara tatu. Niliiona nzuri.

Asubuhi nikampa Tabita bahasha aipeleke barabarani, ampe dereva wa basi. Hakukuwa na mwingine wa kutuma. Alidhani ni barua yake. Au mimi nilidhani kwamba anadhani hivyo. Alivaa gauni safi.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: matokeo yamefutwa, ya wote. Hakwenda hata mmoja. Kurudia darasa hakukuruhusiwa kwetu. Mzee Kiula alinipa mkono, akasema mimi ni mtu wa haki, na aliposema hivyo machozi yalikuwa yanamtoka, maana mwanawe naye alikuwa mle. Nami nilimshukuru. Tulishukuriana, wazee wawili wajinga, ingawa mimi wakati huo sikuwa mzee.

Sitaki mseme nilifanya vile kwa sababu ya siasa. Siasa haikunishika mkono. Wala msiseme ni kwa sababu ya Mzee Kiula; alisema la moyoni mwake, na mzazi ana haki hiyo. Miaka yote nimejiuliza kama ilikuwa haki au ilikuwa woga uliovaa shati la haki. Kila nikikata shauri, kesho yake naligeuza. Ninachojua ni kwamba ukosefu nao unaweza kugawanywa sawasawa, kila mtu akapata fungu lake, na mgawaji akasifiwa. Kama mkaguzi atawauliza mtoto yupi anajua, tajeni anayejua. Hata kama ni wa kwenu. Hasa kama ni wa kwenu, maana mwingine wa kumtaja hana.

Tabita aliolewa akiwa bado kijana, tukahamishiwa wote vijiji vya Ujamaa, mumewe akaenda kutafuta dhahabu Sekenke, hakurudi. Akalea watoto wake kwa jembe. Alipozeeka kidogo na mimi nikazeeka sana, alikuja kukaa hapa kunitunza. Ndiye aliyenitengea birika nililoliandika hapo juu. Hatujawahi kuizungumza barua ile, na hilo ni kosa langu lingine.

Leo mchana nilipofika hapa nikaona si haki kuandika habari za mtu bila kumsomea. Nikamwita kutoka uani, alikuwa anapepeta. Akaketi kwenye kigoda, ungo mapajani, nikamsomea yote tangu Kilimatinde. Alicheka kwenye punda. Nilipofika kwenye barua, nikaweka daftari chini, nikamwambia nilikuwa nataka kumweleza nilichoandika mle.

“Niliisoma, mjomba,” akasema. “Bahasha haikushika gundi, kwa ajili ya unyevu. Niliisoma pale korongoni, nikisubiri maji yapungue.”

Nikamwuliza kama alielewa. Lilikuwa swali la kipumbavu. Kijiji kizima, kama yupo aliyeweza kuielewa barua ile, ni yeye peke yake.

“Zile get mbili za mwisho,” akasema, “zote ni za zizi la kwanza.”

Nikamwuliza kwa nini basi hakuitupa majini. Kwa nini hakurudi. Alichagua kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje.

“Ilikuwa barua ya mwalimu. Mimi nilitumwa.”

Halafu akasema bado ana uwele wa kumaliza kabla upepo haujatulia, akatoka. Nimekaa nikimsikiliza anavyopepeta. Haimbi.

Jioni tumekula ugali wa uwele mpya na mlenda wenye karanga. Amenipakulia mimi kwanza, kama siku zote, na fungu langu lilikuwa kubwa kuliko lake.